Kuwaandika Buibui: Kutoka Mbwajumali hadi Ziwa Kenyatta

Kisiwa cha Pate, huku Lamu, hakina ziwa wala mto. Sisi wa kijiji cha Mbwajumali maji ya kunywa twayangojea kutoka mbinguni: mvua ikinyesha hutiririka juu ya sakafu pana na kuingia ndani ya jabia, na yakishaingia hulindwa hadi msimu mwingine. Visima vipo, lakini vingi vina chumvi. Kwa hiyo nilipoazimia kuandika orodha ya buibui na jamaa zao wanaoishi kandokando ya maji matamu, nilianzia pale pale nyumbani, kwenye jabia la mtaani petu, baada ya swala ya alfajiri. Nilikuwa na simu, daftari, rula ndogo na mpwa wangu wa kidato cha pili, kijana mwenye macho makali ambaye tangu udogo hawezi kupita penye jiwe bila kulipindua.

Jabia lina wakazi wengi kwa anayekubali kuinama. Kwenye pembe za mfuniko walining'inia kichwa chini buibui wenye miguu mirefu myembamba, wale ambao ukiwagusa hujitikisa kwa kasi hadi umbo lao linapotea machoni. Ukutani walitembea buibui warukaji, wadogo kuliko punje ya kunde. Hao hawategi kwa utando. Humtazama mbu kwa macho mawili makubwa ya mbele, wakamnyatia, kisha wakamrukia. Na chini ya ukingo wa saruji, mahali ambapo mkono wa mteka maji hupita kila siku, tulimkuta buibui wa rangi ya kahawia mwenye alama ya rangi ya machungwa chini ya tumbo. Wataalamu humwita Latrodectus geometricus. Vifuko vyake vya mayai ni vya mviringo na vimejaa vijichomozo vidogo pande zote. Ukiviona vifuko hivyo huna haja ya kumtafuta mwenyewe ili umjue. Sumu yake huuma sana, ingawa ni nadra kuhatarisha maisha ya mtu mzima. Mpwa wangu alikwenda akachukua kijiti, akakiacha kando ya mfuniko, akawaeleza watoto waliokuja na madumu kwamba ukingo upanguswe kwanza kabla ya kuingiza mkono.

Bi mkubwa mmoja aliyekuja kuteka maji alisimama akatuangalia.

“Mwalimu, wawatafutiani buibui?”

“Nawaandika, mama.”

“Basi usiwaue. Hawa walimficha Mtume.”

Hakuna mtoto aliyesoma chuoni kwetu asiyekijua kisa hicho: Mtume na Abubakar ndani ya pango la Thaur wakati wa Hijra, wanaowawinda wako nje, na utando wa buibui mlangoni ukawafanya waamini kwamba hakuna mtu aliyeingia. Qurani nayo ina sura nzima yenye jina la buibui, Al-Ankabut. Nilikua katika nyumba ambayo utandabui huondolewa kwa ufagio siku ya usafi, lakini mwenyewe akaachwa aende zake. Adabu hiyo ndiyo iliyonirahisishia kazi. Nilimwahidi bi mkubwa kwamba tutapiga picha na kuandika, basi.

Kabla ya kuondoka kisiwani tuliingia kidogo kwenye mikoko, maji yakiwa yamekupwa. Kati ya matawi ya mkandaa na mchu tuliwakuta buibui wa jamii ya Gasteracantha, wenye mgongo mgumu unaong'aa na miiba iliyochomoza ubavuni. Mpwa wangu alifungua mwavuli, akaushika kichwa chini chini ya tawi, mimi nikaligonga tawi kwa fimbo. Hiyo ni njia ya zamani ya wachunguzi wa wadudu na bado ni njia nzuri kuliko nyingi. Ndani ya mwavuli walianguka buibui wa rangi ya majani, utitiri mwekundu, na kiumbe mmoja aliyetufanya tukae chini kabisa: mdogo kuliko kichwa cha kiberiti, ana koleo mbili mbele mfano wa nge, lakini hana mkia. Si nge, wala si buibui. Ni jamaa yao wa karibu asiyemdhuru mtu, ambaye aghalabu hujificha chini ya magamba ya miti na hula utitiri na wadudu wadogo.

Wote hao ni wa kundi moja liitwalo araknida. Alama zake ni miguu minane, hakuna mabawa, hakuna vipapasio kichwani. Buibui ndio wanaojulikana zaidi, na mwaka 2022 orodha ya dunia inayotunzwa kwenye makumbusho ya mji wa Bern, Uswisi, ilipita spishi 50,000. Lakini nge ni araknida, kupe ni araknida, utitiri ni araknida. Mtu wa pwani huishi nao tangu kuzaliwa, na mara nyingi huwajua kwa madhara yao peke yake.

Safari ya ziwani niliitaka kwa sababu moja. Ziwa Kenyatta, lililo karibu na mji wa Mpeketoni katika Lamu bara, ndilo ziwa letu la maji matamu, na ni ziwa linaloweza kukauka. Ukame wa miaka ya 2016 na 2017 ulilikausha. Viboko walikwama kwenye tope na wengine wakafa. Habari zake zikaenea nchi nzima. Wavuvi walikosa riziki, wafugaji wakatafuta maji mbali. Mvua za baadaye zililirudisha. Kiboko akifa kila mtu huona, kwa kuwa mzoga wake hauna pa kujificha. Lakini je, wale wadogo waliokuwa wakiishi juu ya majani ya ukingoni? Nani aliyewahesabu kabla, hata aweze kusema ni nani hakurudi? Swali hilo lilinikaa moyoni kwa muda mrefu. Kiumbe ambaye hajaandikwa popote anaweza kutoweka pasipo mtu kumkosa.

Boti yetu ilingoja maji yajae. Anayesafiri kutoka visiwa vya juu kuelekea Mokowe, upande wa bara, hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda haupitiki kila saa; nahodha ndiye anayejua. Kusi lilikuwa limeanza kutulia. Tulipotoka kwenye kivuli cha mikoko na kuingia maji mapana, mpwa wangu alinivuta mkono wa kanzu akanionyesha kamba ya turubai. Ilikuwa na nyuzi laini zinazopeperuka, na kwenye ncha ya uzi mmoja alikaa buibui mchanga, mdogo kuliko nukta.

Huyo hakupanda boti Mbwajumali. Alikuja na upepo. Buibui wachanga wa jamii nyingi hupanda mahali pa juu, wakainua tumbo, wakatoa uzi hewani, na uzi ukishabebwa wao hubebwa pamoja nao. Charles Darwin, akiwa ndani ya meli Beagle mwaka 1832, aliwaona wakitua kwa wingi kwenye kamba za meli, ilhali pwani ya Argentina ilikuwa maili 60 kutoka pale. Nilimweleza mpwa wangu na abiria waliokuwa karibu. Baharia, ambaye amepita Mkanda tangu utotoni, alisema nyuzi hizo huziona kila mwaka baada ya mvua, na siku zote alidhani ni za pamba ya miti.

“Kumbe na wao ni wasafiri,” akasema.

Niliandika maneno yake pembeni mwa jedwali, pamoja na saa, upande wa upepo na mahali tulipokuwa. Kisiwa hupata wakazi wake kwa njia hiyo. Bahari iliyo kizuizi kwa kiboko na kwa nyati si kizuizi kwa buibui wa uzito wa chembe ya vumbi.

Tulipokaribia bara zilionekana winchi za bandari mpya ya Lamu, pale Kililana, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Nchi hii inabadilika kwa haraka. Barabara zinapanuliwa, mashamba yanafyekwa, watu wanaongezeka. Sina ugomvi na bandari. Vijana wetu wanahitaji kazi. Ninachotaka ni kwamba kabla ya kila kitu kubadilika, pawe na daftari linaloonyesha palikuwa na nini.

Kutoka Mokowe tulipanda gari, tukapita mji mdogo wa Hindi, tukasimama kwenye vizuizi vya polisi na kuonyesha vitambulisho, kisha tukaingia njia ya Mpeketoni. Ardhi inageuka machoni: minazi inapungua, mashamba ya mahindi, korosho, pamba na miembe yanaongezeka. Ziwa zamani liliitwa Mkunguya. Serikali ya Jomo Kenyatta ilipoanzisha makazi ya wakulima hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu wengi walikuja kutoka bara, hasa Kenya ya kati, na ziwa likapewa jina la rais. Siku hizi kandokando yake utasikia Kiswahili cha kila namna, Kikikuyu na Kiorma, na wote hao wanategemea maji hayo hayo, ya juu na ya chini ya ardhi.

Tulifika ukingoni asubuhi na mapema, umande ukiwa haujakauka. Mwenyeji wetu, mvuvi wa makamo, alitutangulia akiangalia alama za nyayo za viboko. Hapa mtu haendi ovyo majini, na matembezi ya usiku ya Lamu bara nayo yana masharti yake. Umande ulikuwa umekaa juu ya kila uzi. Tulichokuwa tumekitafuta kwa kuinama Mbwajumali, hapa kilikuwa kimetandazwa mbele yetu: tando juu ya tando, kuanzia matete ya majini hadi vichaka vya nchi kavu.

Kadiri tulivyotazama ndivyo mpangilio ulivyojitokeza. Karibu kabisa na maji, tando zilikuwa zimelala, sambamba na uso wa ziwa. Mafundi wake ni buibui wembamba wa jamii ya Tetragnatha, wenye mataya marefu. Wakihisi hatari hujinyoosha juu ya jani, miguu ya mbele mbele, ya nyuma nyuma, ukabaki unaona jani tu. Wanangoja wadudu wadogo wanaotoka majini jioni na kupaa. Hatua chache nyuma, kwenye nyasi ndefu, tando zilisimama wima na katikati zilikuwa na mchirizi mweupe wa hariri uliopindapinda. Hao ni Argiope, wenye mistari ya njano na nyeusi, walioketi kichwa chini katikati ya kazi yao. Nyuma zaidi, kati ya vichaka na miti, zilitandwa tando kubwa kuliko zote, na jua lilipopanda nyuzi zake zilionekana za rangi ya dhahabu.

Buibui wa nyuzi za dhahabu nilimkalia muda mrefu. Jike ni mkubwa, miguu yake ikinyooshwa huenea kiganja. Dume ni mdogo mno, huishi pembeni mwa utando wa jike kwa hadhari. Ni wa jenasi ya Trichonephila. Mmoja wa jenasi hiyo anayeishi Afrika Mashariki, Trichonephila sumptuosa, alipewa jina mwaka 1873 na Mjerumani Gerstaecker, aliyeeleza wanyama wadogo waliokusanywa katika safari za Baron Carl Claus von der Decken. Baron mwenyewe hakukisoma kitabu hicho. Aliuawa Bardera, kwenye Mto Juba, mwaka 1865. Vielelezo vya pwani yetu vilisafiri kwenye masanduku hadi Ulaya, na wengi kati ya viumbe tunaopishana nao njiani waliandikwa mara ya kwanza kwa namna hiyo, na watu waliopita msimu mmoja na wasirudi. Kazi yao naiheshimu, kwa kuwa pasipo hiyo leo tusingekuwa na pa kuanzia. Lakini mpita njia anaweza kuandika tu kile alichokiona siku aliyopita. Kujua ni nani yupo wakati wa kiangazi, ni nani huja na masika, ni nani alikuwepo kabla ya ukame, ni kazi ya mtu anayeishi hapo.

Mvuvi wetu alithibitisha jambo hilo kabla jua halijawa kali. Nilimwuliza kama amewahi kuona buibui juu ya maji yenyewe. Hakufikiri hata kidogo.

“Huyo tunamwona kila siku, mwalimu. Anakaa kwenye jani, miguu ya mbele juu ya maji. Ukimsogelea na mtumbwi anazama, anashika mmea kule chini. Ukitulia, anarudi.”

Alitupeleka kwenye ghuba ndogo iliyotulia, na haukupita muda tukamwona: wa kahawia, michirizi ya rangi hafifu ubavuni, miguu ya nyuma imeshika jani na ya mbele imetandazwa juu ya maji bila kuyatoboa. Ni buibui wa jenasi ya Nilus. Uso wa maji ndio utando wake. Mdudu akianguka, kiluwiluwi akisogea, viwimbi humfikia kwenye vinyweleo vya miguu naye hujua ni upande gani na ni umbali gani. Mwili wake una vinyweleo visivyolowana, kwa hiyo akizama huchukua hewa pamoja naye. Mwaka 2014 Martin Nyffeler na Bradley Pusey walikusanya taarifa za buibui wanaokula samaki wadogo, wakazikuta katika kila bara isipokuwa Antaktika. Baadhi zilikuwa za watu wa kawaida walioona na kuandika. Mvuvi wetu ameona kwa zaidi ya miaka 20. Kilichokosekana ni daftari, na siku hiyo jina la mahali, tarehe na maelezo yake viliingia.

Nilimwuliza jambo ambalo ndilo hasa lililonileta. Ziwa lilipokauka, hawa walikwenda wapi?

Alinyamaza akaangalia maji. Akasema kwamba wakati ule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwatazama. Watu walikuwa wakitafuta maji ya kunywa. Lakini alikumbuka kwamba maji yaliporudi, tope likiwa bado na nyufa, alianza kuwaona wale wanaokimbia ardhini kabla hajawaona hawa wa juu ya maji, na hawa walichelewa sana. Ni kumbukumbu ya mtu mmoja, nami niliiandika hivyo hivyo, kuwa ni kumbukumbu. Lakini ni habari yenye thamani, na inakubaliana na akili: anayekimbia juu ya ardhi hahitaji kungoja ziwa lijae na matete yaote upya.

Wakimbiao ardhini tuliwatafuta jioni, karibu na nyumba tulikofikia. Kuna njia rahisi. Shika tochi usawa wa macho yako, angaza nyasi, na pale panaporudisha nukta ndogo za kijani na buluu, hapo pana buibui wa jamii ya Lycosidae. Macho yao yana tabaka linalorudisha mwanga. Wenye nyumba, watoto na wazazi, walitoka wote kuangalia, kwa sababu ua wao waliouzoea ulikuwa umejaa nukta zinazomeremeta. Tulimpata jike aliyebeba kifuko cha mayai nyuma ya tumbo, na mwingine aliyefunikwa mgongo mzima na watoto wake. Mama wa nyumba hiyo, ambaye mwanzoni alikuwa amesimama mlangoni na kandambili mkononi, alikuja akachuchumaa karibu.

“Anawabeba wote?” aliuliza.

Anawabeba wote, hadi waweze kujitegemea. Kandambili aliirudisha mguuni.

Kisha nilitoa tochi ya mwanga wa urujuanimno, nikaangaza rundo la mawe nyuma ya jiko. Nge watatu waliwaka kijani. Ngozi yao ngumu ina kemikali zinazong'aa chini ya mwanga huo, na hiyo ndiyo njia bora ya kuwahesabu pasipo kupindua jiwe hata moja. Niliwaeleza kanuni inayofaa kila nyumba ya pwani: nge mwenye koleo nyembamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa anategemea sumu, mwenye koleo nene na mkia mwembamba hutegemea zaidi nguvu ya koleo. Mtoto akiumwa na nge apelekwe hospitali, asingojewe. Na viatu vilivyolala nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Siku iliyofuata tulimkuta mchungaji akinywesha ng'ombe upande ambao ukingo ni wa mchanga. Yeye alikuwa na araknida wake, na hakuwapenda. Alimshika ndama, akamgeuza sikio, akatuonyesha kupe wa kahawia waliojipanga ndani yake. Kupe hao, Rhipicephalus appendiculatus, ndio wanaoeneza ndigana kali. Kimelea chake huishi katika nyati pasipo kumdhuru sana, lakini kikimfikia ng'ombe huweza kumwua kwa wiki chache. Lamu bara ina nyati, na palipo na maji mamoja nyati na ng'ombe hupishana kwenye nyasi zile zile. Ugonjwa huu ulifika kusini mwa Afrika mwaka 1902 kwa ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, ndiyo maana ulimwenguni unatajwa kwa jina la pwani hii. Na ni Kenya, katika kituo cha Muguga, ambako ilibuniwa chanjo inayotumika mpaka leo.

Mchungaji alijua mambo ambayo hayamo kitabuni kwangu: ni nyasi gani kupe hupenda kupanda, ni saa ngapi huwa kwenye ncha, ni upande gani wa ziwa una nafuu. Kupe huketi kwenye ncha ya jani ameinyoosha miguu ya mbele, ambayo ina kiungo kinachohisi pumzi ya mnyama anayekaribia. Tulipiga picha, tukaandika kimo cha nyasi na saa. Nilimwambia kwamba kupe na yule buibui anayezama ni jamaa. Alicheka, akasema jamaa wabaya hawakosekani katika ukoo wowote.

Jioni ya mwisho pale Mpeketoni niliwaeleza vijana waliokusanyika kwa nini kazi ya namna hii si mchezo. Niliwapa mfano wa Mbita, kwenye Ziwa Victoria, palipo na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe. Pale anaishi buibui mrukaji mdogo aitwaye Evarcha culicivora. Alipewa jina mwaka 2003. Mwaka 2005 Robert Jackson, Ximena Nelson na Mkenya Godfrey Sune walionyesha kwamba buibui huyo huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu, na kwa njia hiyo hujipatia damu ya mtu au mnyama pasipo kumwuma yeyote. Wachanga wake humtambua mbu wa Anopheles, aenezaye malaria, kwa namna anavyotua akiwa ameinua tumbo. Hajulikani kwingine ila maeneo ya Ziwa Victoria. Watu wa Nyanza walikuwa wakiishi naye ukutani vizazi na vizazi. Ilihitajika mtu akae, atazame tena na tena, aandike. Sisi pia tuna malaria, tuna ziwa, tuna buibui warukaji kwenye kila ukuta. Sidai kwamba tunaye wa namna ile. Nadai kwamba asiyetazama hawezi kujua.

Tulirudi Mbwajumali na daftari lililojaa, na hapo kazi ya pili ikaanza. Picha nzuri hutuonyesha familia, na mara nyingi jenasi. Spishi ni jambo jingine: buibui wengi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi vinavyoonekana chini ya hadubini tu, na mchanga ambaye hajakomaa mara nyingi hawezi kutajwa kabisa. Kwa hiyo katika jedwali letu kuna safu ya “uhakika”, na palipo na shaka tumeandika jenasi tukakomea hapo. Picha tumezipandisha kwenye tovuti ya iNaturalist ili wajuzi wa nchi nyingine wazitazame, na orodha tunaiandaa kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi. Afrika Kusini walianza uchunguzi wa kitaifa wa araknida mwaka 1997, na leo wana spishi za buibui zaidi ya 2,200 kwenye orodha yao. Hawakubarikiwa buibui kuliko sisi. Walianza kuandika mapema na wakawahusisha watu wengi.

Kuna wanaoniuliza faida ni nini. Nyffeler na mwenzake Klaus Birkhofer walikadiria mwaka 2017 kwamba buibui wa dunia nzima hula kati ya tani milioni 400 na 800 za windo kila mwaka, wengi wao wadudu. Mkulima wa Mpeketoni anayenyunyiza dawa shambani anaua pia walinzi ambao hawamdai ujira. Lakini hata kama wasingetufaa kwa lolote, wameumbwa, wapo, na wako chini ya dhamana yetu. Kutojua majina ya majirani zetu ni upungufu wa adabu, na huo naweza kusaidia kuuondoa.

Sasa wanafunzi wa mpwa wangu, maana amejipatia wanafunzi, huenda kwenye jabia kila Jumamosi na jedwali lao: tarehe, mahali, urefu kwa milimita, utando wa namna gani, nani aliyeona. Mvuvi wa ziwani hunitumia picha kwa simu, akitaja kimo cha maji kwa alama aliyoiweka kwenye mti. Mama wa Mpeketoni ameniambia kwamba binti yake huhesabu nukta za kijani uani na kuziandika kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni. Ziwa Kenyatta litakuja kukauka tena, kwa kuwa ndiyo tabia yake na kwa kuwa ukame hauendi mbali nasi. Siku hiyo hatutakuwa na kumbukumbu ya viboko peke yake. Tutakuwa na orodha ya waliokuwepo, iliyoandikwa na watu wa hapa, na mvua ikirudi tutasimama ukingoni na kusoma jina baada ya jina ili tujue ni nani amerudi, kwa utaratibu gani, na ni nani wa kutafutwa.